Sauti Isiyojua Kudanganya

Upepo wa Makambako ulikuwa na vituko vyake miaka ile. Jogoo aliwika Makambako, sauti ikasikika Mafinga, na jogoo mwenyewe akabaki kaachama, anajiuliza mbona hajajisikia. Yale mapangaboi ya umeme yaliyosimikwa juu ya vilima yalizunguka mpaka kunguru wakaacha kuruka. Walipanda juu ya bawa, wakazungushwa bure, wakashukia wanakotaka.

Na katika mji huo wa makelele, sauti moja haikusikika sokoni, wala njiani, wala kanisani. Ilikuwa ya Bi Tasiana Mapunda.

Alinunua kwa vidole. Akinyoosha kidole kwenye nyanya, muuzaji anampa fungu. Akikikunja, maana yake punguza bei. Wauzaji walimwita Mama Bubu, kwa heshima kabisa, na kila mara walimwongezea nyanya moja ya huruma. Aliipokea kwa kuinamisha kichwa, akaondoka na aibu yake ndani ya kikapu, chini ya mboga.

Siri kwamba si bubu aliitunza vizuri mpaka siku kikapu kilipokatika mpini. Vitunguu vilibingirika kwenye mteremko, na Bi Tasiana akajisahau.

"Jamani, vitunguu vyangu!"

Msukuma mkokoteni alisimama ghafla, mkono kifuani. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa soda aliiweka chini polepole, akasema, "Ndiyo, dada, ndiyo, nilikunywa hii moja tu." Mama muuza dagaa alirudi kinyumenyume akaketi juu ya dagaa zake mwenyewe. Njia nzima ikawa kimya, watu wameinamisha vichwa kama wanaosubiri majibu ya vipimo.

Vitunguu hakuviokota. Alikwenda nyumbani mikono mitupu, na tangu siku hiyo hata nyanya ya huruma hakuna aliyempa. Walimwekea vitu pembeni, wakasogea, wakamwacha achukue.

Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja wao aliwahi kulazwa au kulaza mtu wake, na kila mmoja aliambiwa neno zito kuliko yote maishani mwake na sauti hiyohiyo. Ilimwambia mwenye soda kuwa ana sukari. Ilimwambia msukuma mkokoteni kwamba moyo wake umepanuka. Sasa hebu fikiri: unachagua bilinganya, halafu nyuma ya sikio lako Malaika Mtoa Majibu analalamikia vitunguu.

Kifaa kilichotoa sauti hiyo hakikuzidi kikombe cha kahawa. Wenye kukitengeneza walikipa jina refu, watu wakakiita Kikombe, na kilining'inia kichwani mwa kila kitanda katika kila hospitali ya nchi. Daktari alisema maneno yake yenye mikia mirefu. Kikombe kikayapokea, kikayamenya, kikaangalia mgonjwa ni nani na anafanya kazi gani, kisha kikaanza kwa maneno yaleyale siku zote: "Nakueleza kwa lugha nyepesi."

Mwashi aliambiwa kuwa shinikizo la damu ni maji mengi kwenye bomba jembamba, na bomba likichoka hupasuka penye ufa. Mpishi aliambiwa kuwa figo ni chujio la chai, na lake limeziba. Mkulima aliambiwa kuwa saratani ni gugu linalojifanya zao, linakula mbolea na halizai, na daktari akisema imesambaa, basi mbegu za gugu zimebebwa na mto zikaota shamba la chini. Hata yale majibu ya chanya na hasi, yaliyowafanya watu wasikitike pa kufurahi na wafurahi pa kusikitika, Kikombe kiliyanyoosha: "Tulitafuta mdudu, hatukumkuta. Nenda nyumbani."

Sheria ilikuwa wazi. Hakuna mgonjwa kuguswa kwa kisu wala kwa kidonge kabla hajaelewa. Bi Tasiana aliipenda sheria hiyo kuliko walioitunga, kwa sababu mama yake, enzi za kabla ya Kikombe, aliingia chumba cha upasuaji akidhani anakwenda kutolewa maji ya tumbo, akatoka hana kizazi. Hakuna aliyemficha. Walimwambia, ila kwa maneno ambayo hata kuku wa daktari asingeyadonoa. Alikunywa dawa za kutafuta mtoto mwingine mpaka mvi zikamtoka.

Ndiyo maana wenye Kikombe walipomfuata Tasiana kumwomba sauti yake, hakukataa. Alikuwa msichana bado, mtangazaji wa stesheni ya reli, na sifa zake zilikuwa zimevuka mikoa. Alitangaza kwamba treni ya asubuhi itafika kesho jioni, na abiria wakamshukuru. Sauti yake haikuwa na furaha wala msiba, ilikaa katikati kama maji kwenye mtungi, na mtu akiisikia alijua hapa hakuna uongo na hakuna haraka.

Walimweka Dodoma katika chumba kilichofunikwa magodoro ukutani. Hawakurekodi maneno, walirekodi koo. Walichukua kila mlio unaoweza kutoka kwa binadamu, wakaukata vipande vidogo kama mchicha, ili mashine iweze kusema lolote hata ambalo Tasiana mwenyewe hajawahi kulisema. Kitu kimoja tu walikitupa, kicheko. Walisema mgonjwa akisikia kicheko atadhani anachekwa. Wakamrudishia kicheko chake, wakabaki na vilivyosalia.

Mwili wake ulizeeka, sauti ikakataa kuzeeka. Mumewe, marehemu Otmar, alipougua mapafu aliambiwa na Kikombe huku Tasiana ameketi hapohapo, mdomo kaufumba. Tangu hapo, kila alipomwambia "Chakula tayari," Otmar alishtuka na kuuliza, "Wamesema nini tena?" Wakajifunza kuishi kwa ishara. Otmar alizikwa katika ukimya huo, na Tasiana akabaki nao nyumbani kama mpangaji asiyehama.

*

Hodi ilipopigwa mlangoni kwake, alidhani ni upepo. Upepo wa Makambako ulikuwa na adabu, mara nyingine ulibisha. Ilipopigwa tena alifungua.

Alikuwa yule muuza dagaa, amejifunika koti kubwa la kiume linalomfika magotini.

"Shikamoo, mama."

Bi Tasiana aliinamisha kichwa.

"Naitwa Blandina. Najua unaweza kuongea. Mimi ndiye niliyekalia dagaa siku ile." Alicheka kidogo, akaacha. "Sikimbii leo. Nimekuja kuomba."

Alikaribishwa kwa mkono, akapewa kiti, na chai ikamiminwa. Blandina aliishika bila kuinywa.

"Baba yangu amelazwa hapo juu, Hospitali ya Kilimani. Ini. Limeharibika, na ugonjwa umeshatembea. Waliniambia mimi, kwa sababu yeye hataki kusikia. Kikombe chake amekivalisha kofia. Nesi akija, anamwambia, 'Mwache, amelala.'" Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Lakini leo mchana daktari mkubwa anapita. Baba lazima achague, achomwe zile dawa kali au arudi nyumbani. Na huwezi kuchagua bila kuelezwa. Kofia itavuliwa."

Bi Tasiana alimsogezea sukari.

"Nataka wewe umweleze kabla yao. Ukae nyuma ya pazia. Useme ini limevimba kidogo tu, akapumzike nyumbani, atapona. Akishasikia hivyo, daktari akija atasema tu 'Narudi nyumbani,' na mimi nitamwambia daktari ameshaelezwa. Atalala vizuri siku zilizobaki. Basi. Sitaki kingine."

Chai ilipoa. Kisha Bi Tasiana akasema neno lake la kwanza kwa binadamu tangu vile vitunguu.

"Unataka nimdanganye."

Blandina aliiweka chai chini, lakini hakuondoka. "Nataka umpumzishe, mama."

"Sauti hii haijawahi kumdanganya mtu."

"Ndiyo maana ataiamini! Mimi nikimwambia, ananijua. Nikiwa mdogo nilimwambia mbuzi amejifungulia kamba mwenyewe."

Bi Tasiana alimfikiria mama yake na zile dawa za kutafuta mtoto. Alitaka kusema hapana, na hapana ilikuwa imeshafika kwenye meno, Blandina aliposema, taratibu, akiangalia jiko:

"Nyumbani kuna chumba cha uani. Kikavu, kina dirisha. Wanangu hawajawahi kulazwa hata siku moja, ni wagumu kama mawe. Hawaijui sauti yako. Kwao utakuwa bibi tu. Utaongea mpaka uchoke."

Hapana ikarudi tumboni ilikotoka.

"Baba yako nani?" aliuliza Bi Tasiana, ili asionekane anawaza chumba.

"Galus Mdegela."

"Mhehe."

"Mhehe wa mifupani."

"Mimi Mngoni."

Blandina alicheka safari hii kicheko kizima. "Angekuwa na nguvu angekurukia. Kila siku analalamika, anasema dunia imekwisha, hata mtani wa kumtukana hamna tena."

Maana hawa babu zao walipigana vita katika ardhi hiyohiyo. Walichomana mikuki mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane, ni kazi nyepesi na haina wajane. Tangu hapo Mngoni na Mhehe ni watani. Mtani husema lolote na hakuna kununa. Mtani huchukua kitu chako mbele ya macho yako. Na nyumba ikifikwa na msiba, mtani ndiye mwenye wajibu wa kuwachekesha waliofiwa, watake wasitake. Lakini siku hizo vijana walikuwa wameanza kuogopana adabu, na wazee wenye utani wao walikuwa wamelala makaburini, Wangoni kwa Wahehe, kimya, hakuna wa kumtania mwenziwe.

Bi Tasiana alichukua kitenge chake, wakatoka.

*

Alijisikia akisema kutoka kwenye Vikombe kabla hajafika mlango wa wodi. Alikuwa kitanda cha kwanza akimweleza fundi viatu kuhusu kidonda kisichopona. Alikuwa kitanda cha tatu akimtuliza mama mmoja: "Ugonjwa sugu si ugonjwa wa kufa nao leo. Ni mgeni asiyeondoka. Utajua anakula nini, utamtunza, mtaishi." Alikuwa mwisho wa ukumbi pia, mbali, anamwambia mtu jambo ambalo mtu huyo hakulijibu. Bi Tasiana alipita katikati ya nafsi zake zote, akijiziba mdomo kwa kitenge kama mwizi anayeogopa kutambuliwa na wanawe.

Mzee Galus alikuwa kitanda cha dirishani. Mwili wake ulikuwa umepungua, macho yamekuwa ya manjano, lakini uso ulikuwa bado na ugomvi. Juu ya kichwa chake Kikombe kilining'inia kimevaa kofia ya pama, kinaonekana kama mjumbe wa nyumba kumi aliyesinzia mkutanoni.

Blandina alimficha Bi Tasiana nyuma ya pazia, upande wa dirisha. Akainama kwa baba yake, akanyoosha mkono juu kana kwamba anaiinua kofia, asiinue.

"Baba, nimekifungua kidogo. Kisikilize mara moja tu, tumalize."

Mzee alikunja uso. Upepo uligonga kioo.

"Nakueleza kwa lugha nyepesi," alianza Bi Tasiana.

"Ngoja," alisema Galus. "Wewe usinieleze. Unijibu."

Nyuma ya pazia, Bi Tasiana alikaza vidole.

"Sauti yako naijua. Ulimwambia mama Blandina kwamba moyo wake umechoka na hautafika mavuno. Nilikuchukia, mwanamke wewe, nilitaka kukutupa chooni. Alilia kutwa nzima. Kulipokucha akafua nguo zangu zote. Akaenda kwa dada yake waliyenuniana tangu usichana, wakatukanana, wakapatana. Akanifundisha kusonga ugali usio na madonge. Ndipo akaenda zake." Alikohoa, akatulia. "Bado nakuchukia. Lakini ugali nasonga mpaka leo. Kwa hiyo nina swali moja, na nilikuwa naogopa kuliuliza. Nikipanda viazi msimu huu, nitavila?"

Uongo ulikuwa tayari. Ulikuwa mfupi, mtamu, wenye neno moja: utavila. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha uani, dirisha, na watoto wagumu kama mawe wakimwita bibi. Bi Tasiana alifungua mdomo. Akaona mwanamume anayepanda viazi bila kumuaga mtu, anayeacha ugomvi wake bila kuutatua, kwa sababu sauti isiyodanganya imemwambia muda upo. Akamwona mama yake akikoroga dawa. Akaufunga mdomo. Akaufungua tena. Hakuna kilichotoka ila pumzi.

"Kikombe hakivuti pumzi," alisema Galus.

Aligeuza kichwa upande wa dirisha.

"Blandina. Nani yuko nyuma ya pazia?"

"Baba, hakuna mt—"

"Mbuzi amejifungulia kamba tena? Toka, wewe unayepumua."

Bi Tasiana alitoka. Mzee alimtazama toka kilemba mpaka kandambili, kwa mshangao wa mtu aliyeona mvua ikiingia ndani na kuomba kiti.

"Kumbe una miguu," alisema. "Jina lako?"

"Tasiana Mapunda. Nilizaliwa Peramiho."

Kitu kikawaka katika yale macho ya manjano.

"Mngoni! Mngoni nyuma ya pazia! Tangu vita vile hamjaacha kujificha?"

Ilikuwa miaka mingi mtu hajamrushia Bi Tasiana neno ili alirudishe. Ulimi wake ulijikuta umeinuka wenyewe.

"Tulijificha wapi? Tulikuwa tumekaa tunawasubiri mmalize kukimbia."

"Sisi tukimbie! Babu yangu aliwafukuza mpaka mkasahau mlikotoka!"

"Babu yako alikuwa kwenye pombe ya ulanzi, Mhehe. Vita vilipita hapo nje, yeye anauliza nani amevuta kiti."

Galus alicheka, kikohozi kikamkamata, akacheka ndani ya kikohozi. Blandina alimshika mabega. Alipotulia alimsukuma binti yake kando, polepole.

"Haya. Sasa nijibu, mtani. Viazi."

Blandina alimtazama Bi Tasiana juu ya kichwa cha baba yake. Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na midomo yake ilitengeneza neno bila sauti: chumba.

Bi Tasiana aliketi ukingoni mwa kitanda, bila kukaribishwa, kama mtani anavyoketi.

"Panda, Mhehe," alisema. "Panda vingi, na matuta yawe makubwa. Kwa sababu mimi ndiye nitakayevila, na Mngoni halishwi kwa kikapu kidogo."

Upepo ulipita juu ya paa. Mzee Galus alitazama dari muda mrefu.

"Vyote?" aliuliza.

"Vyote."

"Hutaniachia hata kimoja?"

"Nitakuachia maganda."

Mdomo wake ulitetemeka. Hakuna aliyejua utaanguka upande gani, wa kilio au wa kicheko, na pengine hata wenyewe haukujua, kwa maana vilitoka pamoja. "Maganda!" alisema. "Jambazi mkubwa wewe, maganda!" Na hapo Bi Tasiana naye kikamtoka kile kicheko walichomrudishia Dodoma. Kilikuwa kimekaa bila kutumika mpaka kimeota kutu. Kilitoka kikikwaruza kama mlango wa ghala, kisha kikafunguka chote, kikajaza wodi. Fundi viatu aliinuka na mguu wake wenye kidonda. Mama wa ugonjwa sugu alijifunika shuka akipiga yowe, "Jamani, Kikombe kinacheka!" Nesi alikuja mbio, kiatu kimoja mkononi.

Galus alijipangusa macho. Akanyoosha mkono mwembamba, akaivua mwenyewe ile kofia, akaivaa.

"Haya, na wewe sema," alikiambia Kikombe. "Kiini nimeshakipata. Nipe vilivyobaki."

Kikasema. Kilisema habari ya gugu na mto na shamba la chini. Kilisema dawa kali zingechoma gugu na shamba pamoja. Kikasema kuna njia nyingine inayoitwa tiba shufaa: "Ni tiba ya kutuliza maumivu pale ugonjwa usipoondoka. Haibadilishi safari. Inakutoa mawe kwenye viatu ili utembee kilichobaki." Na safari hii Bi Tasiana aliisikiliza sauti yake bila kujiziba. Kikombe kilikuwa kinasema kweli yote, tena vizuri. Ila hakikujua kula viazi vya mtu.

"Nyumbani," alisema Galus daktari alipofika. "Nina matuta ya kuinua."

Nje ya wodi, Blandina alisimama amejikumbatia ndani ya lile koti.

"Nilikuomba kitu kimoja, mama."

"Ndiyo."

"Kimoja tu."

"Najua, mwanangu."

Hawakutaja chumba. Bi Tasiana alishuka kilima peke yake, upepo ukimsukuma mgongoni kama anayefukuzwa.

*

Sokoni alirudi kwenye vidole vyake. Meza ya dagaa aliipita kwa mbali. Alisikia kwa watu, maana asiyesema hudhaniwa pia kiziwi, kwamba Mzee Galus amewekewa kiti shambani, kofia kichwani na blanketi magotini, anawafokea wanaolima kwamba hayo ni matuta au vichuguu vya fuko. Alisikia kwamba ameita nduguze wa Kalenga, wamegombana juu ya mpaka wa shamba, wameafikiana.

Siku moja alizungukia njia ya huko, aone tu. Mzee alikuwa mbali, mdogo kama kisiki. Akamwona. Akainua kofia, akapaza sauti, lakini upepo ulimkabili ukayala maneno yote, ukambakishia Bi Tasiana moja.

"...maganda!"

Naye aliinua mkono. Alitaka kujibu, ila njiani walikuwepo watu.

Viazi vilikuwa vimetoa maua meupe hodi ilipopigwa tena. Blandina alisimama mlangoni, macho makavu, sauti ngumu. Koti lilikuwa mkononi, limekunjwa, na kofia juu yake.

"Baba amekufa. Amesema asizikwe kabla mtani hajafika." Alimkabidhi. "Mimi nisingekuita. Lakini mila ni mila."

Msibani watu walikuwa wengi, wameketi kwa vikundi, wamekunja nyuso. Bi Tasiana alipita getini amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu. Alitembea mwendo wa marehemu, goti moja likigoma. Alikohoa kikohozi chake. Aliwaendea wachimba kaburi, akawauliza kama hilo ni kaburi au kichuguu cha fuko. Vichwa vikainuka. Mtu mmoja akacheka puani, akajizuia.

Kisha alisimama mbele ya jeneza, akasema kwa sauti yake mwenyewe, isiyo na furaha wala msiba:

"Nakueleza kwa lugha nyepesi."

Uwanja wote uliganda. Akina mama walishikana mikono. Mzee wa soda, aliyekuwa na chupa, aliificha chini ya kiti.

"Mhehe huyu amekufa. Hajalala. Hajasafiri. Amekufa kabisa, alijua kwamba atakufa, na kwa kunikomoa mimi akapanda matuta makubwa kuliko jembe langu. Viazi vyake ni vyangu. Anayebisha alale humo kaburini badala yake, nafasi ipo."

Halafu kutoka kwa wafiwa, katikati ya mkeka, Blandina alipasuka. Alicheka akilia, akajipiga mapaja, "Maganda, baba, amesema atakuachia maganda!" na kicheko kikawashika wa karibu naye, kikatambaa mkeka kwa mkeka mpaka kwa wachimba kaburi. Wanawe wawili wa Blandina walimfuata Bi Tasiana kokote alikokwenda siku hiyo, wakishika pindo za koti. "Bibi, sema tena," walimwambia. "Bibi, kohoa tena."

Jioni watu walitawanyika. Waliokutana naye getini walimpisha njia, kama zamani.

*

Gunia lilikuja wakati wa mavuno. Blandina alilitua kizingitini, akapangusa mikono.

"Vyote vyako," alisema. "Alisisitiza."

"Ahsante, mwanangu."

"Kuna vikubwa kama vichwa vya watoto." Alisimama kidogo, kama mwenye neno la kuongeza. Upepo ulimpeperusha kitenge, akakishika, akaenda. Habari ya chumba hakuitaja, na Bi Tasiana hakuuliza.

Alichemsha vitatu. Alivimenya vikiwa vya moto, akipuliza vidole, na maganda akayatenga kwenye kisahani, upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu. Aliuma cha kwanza. Kilikuwa kitamu, cha unga, kimelelewa kwenye tuta lililoinuliwa na mtu mwenye haraka. Alikitafuna polepole. Nyumba ilikuwa kimya kama ilivyo siku zote, na hapakuwa na mtu wa kushtuka.

"Mhehe," alisema kwa sauti, akikitazama kile kisahani. "Viazi vyako vichungu."

Ulikuwa uongo, wa kwanza tangu Dodoma walipomchukua koo. Alisubiri kidogo, kama anayengoja kujibiwa. Kisha akachukua kiazi cha pili.